Watu watano, RV moja, miezi mitatu: jibu kwa wanaotaka kuikimbia baridi

Swali la msomaji:

"Habari za kazi, fundi. Sisi ni marafiki watatu kutoka Kenya, tumeishi Minnesota tangu ujana na karibu wote tumestaafu kazi ya uuguzi. Wawili tuna waume, wa tatu ni mjane. Januari za huku zimetuchosha. Tumepata RV (gari-nyumba) kubwa iliyotumika, ya futi 36, ambayo muuzaji anasema inalala watu sita. Tunataka kuchanga tuinunue pamoja, tuondoke baada ya Krismasi na tukae jangwani Arizona hadi mwisho wa Machi. Hakuna kati yetu aliyewahi kulala ndani ya RV hata usiku mmoja. Je, wazo hili lina maana? Na kama lina maana, tuanzie wapi?"

Jibu:

Dada yangu, nendeni. Baridi ya Minnesota haina huruma na magoti ya mtu aliyesimama wodini maisha yake yote, na miezi mitatu ya jua mkiwa pamoja si jambo la kuahirisha katika umri wenu. Lakini RV hiyo msiinunue pamoja. Kila kaya iwe na kitanda chake, mlango wake na choo chake. Cha kushirikiana ni kambi: mkeka mmoja, moto mmoja, sufuria moja kubwa, na mazungumzo ya jioni mpaka mtu asinzie. Nimekuwa nikitengeneza RV za watu wanaokuja Arizona majira ya baridi kwa muda mrefu, na makundi ninayoyaona yakirudi mwaka hadi mwaka yakiwa bado marafiki ni yale yaliyopanga namna hiyo.

Nianze na hayo maneno ya muuzaji. Inalala watu sita, sawa, lakini ulizeni wanalala wapi. Katika gari la aina hiyo kwa kawaida kuna chumba kimoja cha kweli, nyuma, chenye kitanda cha watu wawili. Wawili wengine hulala kwenye kochi linalokunjuliwa, na wawili waliobaki hulala mahali pa meza ya chakula, baada ya meza kushushwa na mito kupangwa juu yake. Sasa fikirieni mwenzenu mjane. Hawezi kulala mpaka wote wamalize kula na kuzungumza, na alfajiri wa kwanza kuchemsha chai ndiye anayemwamsha. Kwa wikendi moja atacheka nanyi. Ikifika Februari atakuwa amechoka, na kwa kuwa ni mtu wa heshima hatasema neno. Atatafuta sababu ya kurudi nyumbani mapema, na ninyi mtabaki mnajiuliza mlimkosea nini.

Kisha hesabuni mikanda ya viti. Idadi ya vitanda na idadi ya viti vyenye mikanda ni vitu viwili tofauti kabisa, na si ajabu kukuta RV ya vitanda sita yenye mikanda minne. Mtu wa tano atasafiri vipi?

Halafu kuna uzito. Ndani ya mlango au kwenye kabati pana kibandiko kinachoeleza ni kilo au ratili ngapi gari linaruhusiwa kubeba juu ya uzito wake lenyewe. Kisomeni kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Watu watano wazima ni kama kilo 400. Lita 300 za maji ni kilo 300. Ongezeni viti vya nje, jenereta, masanduku ya nguo, magunia ya mchele na unga, na zile sufuria ambazo mwanamke wa Kiafrika haendi safari bila kuzibeba. Magari mengi makubwa ya zamani hufika kikomo hapo, na RV iliyozidiwa hupasua matairi kwenye barabara kuu. Vituo vikubwa vya malori vina mizani. Kwa dola chache mnapima mkiwa mmeshapakia.

Hayo yote yanaweza kupatiwa dawa. Yasiyo na dawa nyepesi ni ya karatasi. Gari likiandikishwa kwa majina ya watu wa nyumba tatu tofauti, kampuni nyingi za bima hazipendi kulikatia bima, na zinazokubali zitataka maelezo mengi. Katika majimbo mengi, namna majina yanavyoandikwa kwenye hati ya umiliki inabeba uzito wa kisheria: majina yakiunganishwa kwa "na", lazima wote watie saini gari likiuzwa; yakiunganishwa kwa "au", mmoja anaweza kuliuza peke yake. Na mmoja wenu akifariki, fungu lake linaingia kwenye mirathi, na mtakuwa mnamiliki gari pamoja na watoto wake, ambao pengine wanataka pesa na hawataki RV. Wakati huohuo thamani yake inashuka kila mwaka, kwa hiyo atakayejitoa mwaka wa pili atadai alichochanga, na gari halitakuwa na thamani hiyo tena.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tuliotoka Afrika Mashariki tunalijua vizuri kuliko majirani zetu Wamarekani: simu ya msiba. Inapopigwa usiku kutoka Kisii au Mombasa, mtu anatafuta tiketi kesho yake. Mkiwa na gari moja, msiba wa mmoja unasimamisha safari ya wote. Mkiwa na kila mtu na chombo chake, wawili wanapelekwa uwanja wa ndege wa Phoenix, trela lao linabaki chini ya uangalizi wa wenzao, na kambi inaendelea mpaka warudi.

Basi mfanye nini? Mwaka wa kwanza kodini, msinunue kitu. Nendeni wiki nne tu, kuanzia katikati ya Januari. Kwa waume wawili wanaojiamini barabarani, kila mmoja akodi gari-nyumba dogo la futi 22 hadi 25, au trela kama ana pikapu yenye nguvu. Kwa trela, someni uwezo wa gari kuvuta, na mpange mizigo ili asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela ikalie ndoano. Ikiwa pungufu, mkia unayumba kwenye upepo. Mwenzenu mjane asilazimishwe kuvuta chochote. Kuna wenye trela wanaokupelekea mpaka kambini, wakalipanga, wakaliunganisha na maji na umeme, na wakalifuata siku ukimaliza. Yeye apande ndege mpaka Phoenix au Yuma, miji ya Arizona, akute chumba chake kinamsubiri.

Sasa mahali. Wiki mbili za kwanza kaeni Yuma kwenye uwanja wa RV wenye maji, umeme na bomba la maji taka kila nafasi. Yuma ina viwanja vingi vya namna hiyo, na bei ya mwezi huwa nafuu sana ukiigawa kwa siku kuliko kulipa siku mojamoja. Vingi ni vya watu wa miaka 55 na zaidi. Sheria ya nyumba za wazee ya mwaka 1995 inataka angalau asilimia 80 ya makazi ya hapo yawe na mtu mmoja aliyefikisha miaka 55, kwa hiyo mume au mke aliye chini ya umri huo mara nyingi hukubaliwa, ila ulizeni sheria ya kila uwanja, pamoja na siku ngapi wajukuu wanaruhusiwa kulala. Hapo mtajifunza mambo yenu palipo na bomba karibu na majirani waliozoea. Wastaafu wa pale wanapenda sana kumsaidia mgeni. Ukifungua mlango wa injini tu, wanafika watatu.

Baada ya hapo, kama mioyo inataka jangwa lenyewe, pandeni kaskazini kilomita 130 mpaka Quartzsite. Ni mji mdogo ambao majira ya joto hulala kabisa, na Januari hujaa RV mpaka upeo wa macho, hasa wakati wa maonyesho yao makubwa ya RV ndani ya hema. Kusini mwa mji kuna La Posa, eneo la ardhi ya umma linalosimamiwa na Bureau of Land Management kwa ajili ya watu wanaokaa muda mrefu. Msimu wake huanza tarehe 15 Septemba na kuisha 15 Aprili. Kwa miaka mingi kibali kilikuwa dola 180 kwa msimu mzima au dola 40 kwa siku 14. Angalieni bei ya msimu wenu kabla ya kwenda. Kwa pesa hiyo mnapata ardhi, maji ya kujaza, mahali pa kumwaga maji taka na pa kutupa takataka. Hakuna umeme, hakuna nafasi zenye namba. Mnachagua mahali na mnapanga vyombo vyenu kuzunguka uwanja wenu wa kati, mradi tu muache futi 15, yaani kama mita nne na nusu, kati ya chombo na chombo kwa usalama wa moto. Ni nafasi nzuri kabisa ya kutandika mkeka. Jenereta zinazimwa saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Pembeni ya mji pia kuna maeneo ya bure, lakini huko kikomo ni siku 14 katika kila siku 28.

Mkiwa hapo, nendeni makaburini mkamwone Haji Ali. Alikuwa mtu wa milki ya Waosmani aliyeletwa Marekani mwaka 1856 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu jangwani. Jaribio halikudumu, yeye alibaki, Wamarekani wakamwita Hi Jolly, na alifia Quartzsite mwaka 1902. Juu ya kaburi lake kuna piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia kileleni. Kila ninapopita hapo humsomea Fatiha, kwa sababu alifika mbali sana na kwao.

Hali ya hewa msiifananishe na ya pwani. Januari mchana ni nyuzi 19 au 20 na jua safi, lakini jua likizama joto linashuka haraka mpaka nyuzi tano, na usiku mwingine karibu na sifuri. Blanketi nzito na makoti mje nayo.

Hapo ndipo umeme unapokuwa na maana. Uwanjani, plagi ya RV ndogo huwa ya ampea 30, ambayo kwa volti 120 ni wati 3,600 tu. Birika la umeme ni wati 1,500, maikrowevu ni kama hizo, na hita ndogo ya miguuni pia. Viwili vinakwenda pamoja. Cha tatu kikiwashwa, swichi inakatika na mtu anabaki na nusu ya uji. Magari makubwa yana plagi ya ampea 50 yenye nyaya mbili za umeme, jumla wati 12,000, na hayana shida hiyo. Jangwani mnategemea betri. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 inahifadhi kama wati-saa 1,280. Feni ya tanuri la gesi linalopasha chumba hula kama ampea saba, na kwa usiku wa saa kumi linawaka karibu nusu ya muda, kwa hiyo linakula ampea-saa 35. Kwa lithiamu hiyo ni theluthi moja. Kwa betri ya asidi ya kizamani, ambayo haifai kutumiwa chini ya nusu, ni sehemu kubwa ya yote mliyo nayo. Kama kuna anayelala na mashine ya kupumulia usiku, azime kipasha unyevu chake, kwani ndicho kinachokula umeme zaidi kuliko mashine yenyewe.

Maji. Tangi la kawaida katika RV ndogo ni kama lita 150. Watu wawili wakitumia lita kumi kumi kwa siku, linafika wiki. Lita kumi zinamtisha Mmarekani, lakini ninyi mmelelewa kwa ndoo na kopo, na mnajua mtu anaoga vizuri kabisa kwa lita tano. Hapa mna faida kubwa, itumieni. Lakini watu watano kwenye tangi hilohilo, hata kwa nidhamu, ni siku tatu, na siku ya nne mnafungasha kila kitu ili gari likajaze maji. Hata tangi la lita 300 lingewafikisha siku sita tu.

Maji machafu yana matangi mawili: moja la sinki na bafu, jingine la choo. Kosa ninaloitwa kulirekebisha kuliko yote ni hili: mtu anafika uwanjani, anaunganisha bomba la maji taka na kuacha valvu ya tangi la choo wazi siku zote, akidhani linajisafisha. Maji yanatoka, yaliyobaki yanajikusanya chini ya shimo kama kichuguu, yanakauka, na mwisho wake ni fundi. Valvu ya choo ikae imefungwa mpaka tangi lifike theluthi mbili. Fungueni hiyo kwanza, imalizike, kisha fungueni ya maji ya sinki ili yasafishe bomba. Na wekeni maji mengi chooni. Anayetawadha kwa maji badala ya karatasi analifanyia tangi hilo hisani. Glavu mnazijua kuliko mimi.

Gesi na moto: hakikisheni kila RV ina king'ora cha kaboni monoksidi kinachofanya kazi, na mbonyeze kitufe cha majaribio wenyewe siku ya kwanza. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata dakika moja, hata mlango ukiwa wazi, hata kama ni makaa yaliyofifia ya kupasha miguu. Gesi hiyo haina harufu, na RV ni chumba kidogo mno. Udi fukizeni nje pia.

Sasa afya, na hapa naomba msome polepole. Katika udongo wa Arizona, hasa upande wa Phoenix na Tucson, kuna kuvu ambaye huruka na vumbi na kuingia mapafuni. Ugonjwa wake unaitwa Valley fever. Wengi wanaovuta vumbi hilo hawaumwi. Wanaougua huanza kwa kawaida baada ya wiki moja hadi tatu: kikohozi, homa, kifua kuuma, uchovu usioisha, wakati mwingine jasho la usiku na maumivu ya viungo. Hauambukizi kutoka mtu kwa mtu. Lakini watu weusi wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kuwa mkali na kusambaa nje ya mapafu, na wenye kisukari au kinga dhaifu nao wako katika hatari. Ninyi ni wauguzi, kwa hiyo mnaelewa tatizo liko wapi: utarudi Minnesota ukikohoa, daktari wa huko atakuandikia antibiotiki ya nimonia mara mbili, na hatafikiria kuvu. Mwambie mwenyewe, "Nimetoka Arizona, nipimeni damu kwa Valley fever." Mkiwa huko, upepo wa vumbi ukianza ingieni ndani na mfunge madirisha, na msikae karibu na vigari vinavyotimua vumbi jangwani.

Bima ya afya iulizieni kabla ya kuondoka. Medicare ya kawaida, ile bima ya serikali kwa wazee, inakubaliwa kokote nchini kwa daktari anayeipokea. Mipango ya Medicare Advantage, inayoendeshwa na kampuni binafsi, mara nyingi ina madaktari wake wa eneo lako, na nje ya hapo mingi inalipia dharura na matibabu ya haraka tu. Dawa za safari nzima mzichukue mapema. Hospitali kubwa iko Yuma. Quartzsite iko mbali nayo, na ndiyo sababu nyingine ya kuanzia Yuma, hasa kwa mwenye presha au moyo.

Watu wengi wa Yuma huvuka kwa miguu hadi Los Algodones, Meksiko, kwa ajili ya meno na miwani. Mji mzima umejaa madaktari wa meno. Mkienda, nendeni asubuhi, kwa sababu foleni ya kurudi mchana wa Januari ni ndefu na mpaka hufungwa usiku. Mwenye uraia wa Marekani abebe pasipoti yake. Mwenye kadi ya ukaazi abebe kadi hiyo pamoja na pasipoti ya nchi yake. Hata msipovuka, kadi ya ukaazi iwe mfukoni kila siku. Sheria inamtaka kila mkaazi wa miaka 18 na zaidi atembee nayo, na kwenye barabara kuu za kusini, ikiwemo karibu na Yuma na Sierra Blanca, Texas, kuna vizuizi vya askari wa mpaka ndani ya nchi kabisa wanaouliza uraia wa kila aliye garini. Nakala ya simu haitoshi. Nimeona watu wazima, wenye kila karatasi halali, wakisimamishwa kandokando ya barabara kwa muda mrefu kwa sababu kadi ilibaki kabatini nyumbani.

Njia ya kwenda: ramani ya simu inaweza kuwapitisha Flagstaff, zaidi ya mita 2,100 juu, ambako Januari kuna theluji na barafu. Kwa gari msilolizoea, shukeni kusini kwanza: barabara ya 35 kupitia Kansas City na Oklahoma City mpaka Fort Worth, kisha 20 na 10 magharibi kupitia El Paso na Tucson. Ni kama kilomita 3,400, wiki moja kwa kilomita 500 kwa siku. Ni ndefu zaidi, na ndiyo ningempitisha mama yangu. Mpaka mfike Texas kwenye joto, mabomba yasiwe na maji. Yawe na ile dawa ya RV ya rangi ya waridi ya kuzuia kuganda. Ile ya injini ya gari ni sumu, msiitie kwenye mabomba. Upande wa Lordsburg, New Mexico, upepo wa vumbi unaweza kufuta barabara ghafla: tokeni nje kabisa ya lami, zimeni taa zote, toeni mguu kwenye breki, ili anayekuja nyuma asifuate taa zenu akidhani mnaendesha. Na msiendeshe kwa msafara. Kubalianeni mtakapolala, kila gari liende kwa mwendo wake, mkutane jioni.

Nyumba za Minnesota fungeni maji kwenye bomba kuu, acheni joto kama nyuzi 13, na mwombe mtu apite kila wiki. Bima nyingi za nyumba hukataa kulipa bomba lililopasuka kwa baridi kama nyumba haikuachwa na joto.

Pesa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Undeni chama kidogo cha safari: kila mtu, kwa kichwa na si kwa kaya, anaweka kiasi kilekile kila wiki kwa ajili ya chakula cha pamoja, kuni, gesi ya jiko la nje na mafuta ya gari dogo la sokoni. Kwa kichwa, ili mjane asilipe sawa na watu wawili. Mweka hazina awe mmoja, daftari likae mezani wazi. Matengenezo, bima na mafuta ya kila chombo ni ya mwenyewe; hayo msiyachanganye. Chakula hakitawapa shida. Sehemu kubwa ya mboga za majani zinazoliwa Marekani wakati wa baridi hulimwa Yuma, na sukuma mtaipata mbichi. Ramadhani za miaka hii zinaangukia Februari, kwa hiyo kama mmoja wenu anafunga, mashamba ya tende za Medjool yako papo hapo. Machipukizi yake ya kwanza yalitoka Morocco mwaka 1927.

Wekeni pia siku moja kila wiki ambayo hakuna anayegonga mlango wa mwenzake. Itangazeni tangu mwanzo kuwa ni utaratibu, ili isionekane mtu amenuna. Na mpike kwa zamu, waume wakiwemo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watoto na wajukuu wakija kutembea, nao waingie zamu.

Mkirudi mkiwa bado mnataka, kila kaya inunue yake, na mjane anunue dogo au aendelee kukodi. Siku ya kununua, bonyezeni kwa kidole gumba kuta zote chini ya madirisha na kwenye pembe za dari. Pakibonyea, maji yameingia na mbao zimeoza, ondokeni. Matairi yana tarakimu nne za mwisho kwenye alama ya herufi DOT ubavuni: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la RV likipita miaka sita au saba huhesabiwa limekwisha hata kama meno yake yanang'aa.

Wiki hii fanyeni mambo mawili. Mwambieni muuzaji wa hiyo futi 36 kwamba hamuichukui. Kisha pigeni simu viwanja vitatu au vinne vya Yuma na mwombe nafasi tatu zinazopakana, kwa sababu nafasi moja moja hupatikana hata Desemba, lakini tatu za pamoja huisha mapema.